Sahani 253: kisa cha chakula cha harusi yenye mfuko mdogo

Kabla ya yote

Majina, mahali na tarehe nimeviacha nje. Fedha nazo nimezigeuza: badala ya kutaja kiasi, fungu zima la chakula nimelihesabu kuwa sehemu 100, na kila mwenye harusi ataweka tarakimu zake mwenyewe. Saa zote ni za Kiswahili.

Niliitwa wiki saba kabla ya siku yenyewe, nisimamie hesabu za jikoni na namna ya kugawa chakula. Kupika hakukuwa kazi yangu. Makosa utakayoyasoma humu ni ya watu mbalimbali, ila mawili ni yangu na sina wa kumsingizia.

Walipokuwa nilipowakuta

Bwana na bibi harusi walikuwa wafanyakazi wa mishahara ya kawaida, na walikuwa wameapa kutoanza ndoa na deni. Orodha ya wageni ilikuwa imefika watu 420. Walikuwa wameshaomba makadirio kwa mtoa huduma mmoja anayefanya kila kitu: chakula, vinywaji, vyombo, wahudumu, keki. Kila sahani alikuwa ameipigia sehemu 0.4 ya fungu lao. Zidisha kwa 420, unapata 168. Wao walikuwa na 100.

Kikao cha kwanza nilichohudhuria kilikuwa cha kumbana mtoa huduma apunguze bei. Saa mbili nzima. Mmoja alitaka nyama iondolewe, mwingine alitaka vitambaa vya meza viondolewe, wa tatu akasema wahudumu wote waondolewe, vijana wa nyumbani watafanya. Orodha ya wageni ilikuwa juu ya meza muda wote, imefunikwa na bakuli la matunda, na hakuna aliyeigusa.

Naelewa kwa nini. Kumwondoa mtu kwenye orodha kunauma, kuondoa kitambaa hakuumi. Lakini hesabu haina huruma hiyo. Hata kama mtoa huduma angekubali kushusha bei kwa robo nzima, jambo ambalo hakuna mfanyabiashara mwenye akili angelikubali, sahani 420 zingegharimu 126. Bado wangekuwa nje.

Uamuzi wa kwanza: kalamu kabla ya sufuria

Niliwaomba wawili hao wakae peke yao na orodha kwa jioni moja, bila wazazi na bila mimi. Maswali yalikuwa mawili. La kwanza: je, mmoja wetu amezungumza na mtu huyu ndani ya mwaka huu? Hapo waliondoka 90. La pili lilihusu kile kibandiko cha "na mwenzi wake" kilichokuwa kimebandikwa kwa kila mtu, hata kwa watu ambao wenzi wao hakuna aliyewajua. Walipobakiza wenzi wanaofahamika tu, wakaondoka wengine 70. Zikabaki kadi 260.

Kwa bei ileile ya mtoa huduma yuleyule, 260 ni sehemu 104. Angalia vizuri hapo: jioni moja ya kalamu ilishusha gharama kutoka 168 hadi 104. Sehemu 64 zilipatikana kabla hatujajadili hata kijiko kimoja cha chumvi. Kazi nyingine yote niliyoifanya kwa wiki zilizofuata, pamoja na kukosa usingizi kulikoambatana nayo, ililetea fungu lile sehemu 13 tu kwenye makadirio, kutoka 104 hadi 91. Watu wakiniuliza siri ya chakula cha harusi ya bei nafuu huwa nawaonyesha tarakimu hizo mbili, na wengi hawazipendi.

Kulikuwa na wazo la kuhamisha sherehe hadi saa kumi alasiri, wakati ambao si wa mlo, ili vitafunwa na keki vitoshe. Ni njia nzuri, na ningeipendekeza kwa harusi ambayo wageni wake wanaishi karibu. Hapa zaidi ya nusu walikuwa wanasafiri tangu asubuhi. Mtu aliyekaa kwenye gari saa tano humpi kipande cha keki ukamwambia asante kwa kuja. Tukaliacha.

Uamuzi wa pili: kugawanya kazi

Wawili hao waliamua kuachana na huduma kamili. Wakamchukua mpishi wa shughuli, mama mwenye wasaidizi wanne na sufuria zake, alipwe kazi ya mikono. Vitu vikavu na vinywaji wangenunua wenyewe mapema, kidogokidogo. Nyama, kuku na mboga angenunua mpishi, kwa sababu yeye anajua kuku wa siku gani anafaa kukaangwa na wao hawajui.

Fungu likagawanywa hivi: vyakula vibichi 46, mpishi na wasaidizi 15, vinywaji, maji na barafu 12, vyombo vya kukodi 9, usafiri, makaa na gesi 5, keki 4. Hiyo ni 91. Tisa zilizobaki ziliandikwa akiba, na bibi harusi akazitenga kwenye akaunti tofauti ili zisije zikageuka maua.

Njia hii ina mtego mmoja. Mtoa huduma kamili akikutajia bei ya sahani, ndani yake mna mambo ambayo huyaoni: gari la kurudisha vyombo usiku, maji ya kuoshea, glasi zitakazovunjika, mtu wa kukoka makaa saa kumi na moja alfajiri. Ukizichukua kazi hizo mwenyewe bila kuziandika, utadhani umeokoa hadi siku yenyewe ikufundishe. Sisi tuliziandika karibu zote. Karibu.

Na mpishi tuliandikiana karatasi ya ukurasa mmoja: idadi, aina za chakula, saa ya kupakua, nani analeta nini, na malipo ya mafungu matatu, la mwisho baada ya sufuria kuoshwa. Wiki mbili kabla, akapika chungu cha majaribio cha watu kumi na wawili. Chumvi ilizidi kwenye mchuzi. Afadhali izidi siku hiyo.

Uamuzi wa tatu: kupunguza aina

Orodha ya kwanza ya vyakula ilikuwa na aina 11. Tulizishusha hadi sita: wali, viazi, nyama ya mchuzi, kuku wa kukaanga, mboga za majani, na matunda. Wazazi wa pande zote mbili walinuna. Kwao, meza yenye sinia chache ni meza ya mnyonge.

Hapa ni pazuri pa kueleza kwa nini aina nyingi zinakula fedha, maana haionekani kwa macho. Ukiwa na wali peke yake, unapika wa watu wote na basi. Ukiwa na wali, tambi na ndizi, huwezi kupika theluthi ya kila kimoja, kwa kuwa hujui nani atapenda nini. Unaogopa kuishiwa, hivyo kila sufuria unaipimia watu wengi kuliko theluthi yake, pengine nusu, pengine zaidi. Ukijumlisha, umepika wanga wa watu karibu mia nne au zaidi kwa wageni mia mbili na hamsini. Kisha mgeni akifika mezani anachota kidogo cha kila kitu ili aonje, sahani inajaa, na nusu inarudi jikoni. Bado sijataja sufuria tatu badala ya moja, majiko matatu, na msaidizi wa ziada wa kuyaangalia.

Kupata idadi

Kadi 260 zilipokwenda, majibu ya "nakuja" yalikuwa 214 na ya "samahani" 15. Waliokaa kimya walikuwa 31.

Wanaokaa kimya ndio wanaovuruga hesabu. Kuna wanaowagawa nusu kwa nusu, kuna wanaowahesabu wote kwa usalama. Sisi tuliwapa dada wawili wa bibi harusi orodha hiyo na muda wa maongezi, wakapiga simu siku moja: 19 wakasema wanakuja, 12 hawaji. Tukawa na wageni 233. Kwenye simu hizohizo waliuliza swali la chakula kinachomdhuru mtu, na mmoja akasema karanga humfungia koo. Mpishi alikuwa amepanga kuziweka kwenye mboga. Akaziondoa sufuria nzima, hakutaka biashara ya kutenga.

Kosa langu la kwanza lilikuwa siku nne kabla ya harusi. Mpiga picha alinipigia kuuliza mambo ya umeme, akamalizia kwa utani: "Na sisi tunakula wapi?" Nilikaa chini. Wapiga picha, wanamuziki, mshereheshaji, madereva, wapambaji, wahudumu: niliwahesabu, wakawa 22. Hawakuwa kwenye orodha yoyote. Watu hao wanafika kabla ya wageni na kuondoka baada yao, na mimi nilikuwa nimepanga wakae siku nzima wakinusa kuku.

Tukawa 255. Mpishi akaongeza kidogo, akapika kwa 270.

Gramu themanini, na shangazi

Mpishi yule alikuwa na daftari lililolainika kwa mafuta, na ndani yake vipimo kwa mtu mmoja: wali gramu 80 za mchele mkavu, nyama isiyo na mfupa gramu 100 mbichi, ikiwa ipo pamoja na kuku, kipande kimoja cha kuku, viazi gramu 100. Mchele ukiiva uzito wake hufika mara mbili na nusu hadi tatu, kwa hiyo gramu 80 zinakuwa rundo la gramu 200 au zaidi, na hilo linatosha mtu mzima mwenye vitu vingine kwenye sahani. Nyama ni kinyume chake, hupoteza robo ya uzito jikoni na wakati mwingine zaidi.

Kwa watu 270: mchele kilo 22, nyama kilo 27, viazi kilo 27. Kuku 35, kila mmoja vipande vinane, jumla vipande 280.

Shangazi wa bwana harusi alipoona mchele wa kilo 22 alishika kiuno. "Watu mia mbili na sabini kwa kilo ishirini na mbili? Mnataka tuimbwe?" Mpishi akamfungulia daftari. Shangazi hakuliangalia. Jioni gari lake lilileta mchele mwingine, na mchele uliopikwa ukawa kilo 35. Nilimwona mpishi akipima maji upya bila kusema neno. Alikuwa mtu wa kuchagua vita vyake, na hakujua kuwa hii itamrudia.

Siku yenyewe

Jikoni palikuwa pamemalizika saa sita na nusu mchana. Kupakua kulipangwa saa nane. Saa nane ilipofika, maharusi walikuwa bado wanapigwa picha. Chakula kilianza kutoka saa tisa na dakika arobaini.

Ucheleweshaji wa saa moja na dakika arobaini hauleti uchovu peke yake. Mpishi aliziacha sufuria zimefunikwa juu ya makaa ya polepole, na kila nusu saa msaidizi mmoja alipita na kipimajoto. Wali ulikuwa nyuzi 68, mchuzi zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisubiri kikiwa juu ya nyuzi 60, kwa hiyo usalama ulikuwepo. Utamu ndio uliolipa. Wali wa chini ukawa ukoko, na kuku, ambaye ni lazima atoke kwenye mafuta na kwenda mezani, akaanza kukauka ngozi.

Ukumbini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Tulikuwa tumeamua kutoweka kitu cha kutafuna cha kusubiria, kuokoa sehemu mbili za fungu. Watoto walianza kulia saa nane na nusu. Watu wazima hawalii, lakini wanaanza kuangalia mlango wa jikoni, na mtu aliyeangalia mlango wa jikoni kwa saa nzima hachoti kama mgeni.

Meza za kugawia zilikuwa mbili, A na B. Nilikuwa nimekadiria kila mtu atumie sekunde 25 kupita. Kwa mstari mmoja watu 233 wangechukua saa moja na dakika 37, kwa miwili chini ya dakika 50. Kila meza ilipangwa kwa utaratibu uleule: wali mwanzoni, viazi, mboga, mchuzi wa nyama kwa upawa, kisha mwisho kuku, mbele ya mhudumu mwenye koleo. Mwisho ndipo pa kuku, kwa sababu sahani inayofika pale imeshajaa.

Meza A ilienda kama ilivyochorwa.

Meza B ilikuwa upande wa mlango wa pembeni. Nilikuwa nimeichora kwenye karatasi nikiwa nyumbani, nikidhani wageni wataingia kutoka katikati ya ukumbi. Viti vilipopangwa, katikati pakaziba, na mstari wa B ukaundwa wenyewe kutokea mlangoni. Yaani watu waliingia kwa upande wa kuku. Sahani tupu ilikutana na kuku kwanza.

Hata hivyo mhudumu wa koleo angeweza kuzuia. Lakini dakika kumi baada ya kuanza, mzee mmoja aliomba maji ya kunywa, maji hayakuwa mezani kwake, na mimi ndiye niliyemwambia mhudumu wa B, "Kimbia umletee." Hilo ndilo kosa langu la pili. Alipeleka maji kwa mzee, meza ya jirani nayo ikaomba, na ya tatu. Koleo likabaki juu ya sinia.

Nilirudi pale nikakuta kijana mpole, wa tabia njema kabisa, ameshikilia sahani nyeupe yenye vipande vitatu vya kuku na hakuna kingine. Akanitazama, akaitazama sahani, akasema, "Nilidhani wali uko mbele." Hakuwa mwizi. Sahani ilikuwa tupu, njaa ilikuwepo, koleo lilikuwa huru.

Kuku aliisha mgeni wa 190 akipita. Mpishi alitoa sufuria ya mwisho ya nyama, akaagiza waliobaki wapewe mchuzi upawa mara mbili. Wageni 41 hawakupata kuku, na miongoni mwao walikuwa ndugu watatu wa karibu sana wa bibi harusi, waliokuwa wamejitolea kukaa nyuma ili wageni watangulie. Sitaandika walichosema.

Kugawa kulimalizika saa kumi na moja jioni, saa moja na dakika 20 tangu kuanza.

Sufuria ya wali

Saa kumi na mbili jioni shangazi alikuja jikoni na ndoo tatu zenye vifuniko. Wali ulikuwa umebaki mwingi, kama ilivyotarajiwa na kila aliyesoma daftari, na alitaka kuwapelekea majirani. Mpishi alimgawia kwa moyo mmoja sufuria nzima iliyokuwa bado haijaguswa, imefunikwa, juu ya makaa. Masinia yaliyorudi kutoka mezani akayazuia.

"Mama, haya ya mezani siyatoi."

"Wali si ni uleule?"

"Ulikuwa uleule saa tisa na nusu."

Aliyemsikia alidhani ana kiburi. Alikuwa sahihi. Masinia yale yalikuwa yamekaa bila moto chini yake kwa zaidi ya saa mbili, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa mbili. Kwa wali ni muhimu hasa: kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kupikwa. Wali ukipoa polepole, mbegu hizo huamka, bakteria huongezeka na kuacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Sufuria iliyobaki juu ya makaa haikupata kupoa, ndiyo maana ilikuwa halali kuigawa, mradi iliwe jioni ileile.

Masinia yalimwagwa. Shangazi aliondoka na ndoo tatu zimejaa lakini uso wake haukuwa umejaa.

Hesabu ya mwisho

Mlangoni tulikuwa na mtu wa kuweka alama kwenye orodha. Kati ya 233 waliosema wanakuja, 11 hawakutokea. Wasioalikwa walikuja tisa. Wageni 231, wafanyakazi 22, jumla watu 253. Sahani za kukodi zilikuwa 300 na safi zilizobaki 31, maana yake zilitumika 269. Kumi na sita ni za waliorudi mara ya pili na sahani mpya. Tulikuwa tumepikia 270.

Fedha: akiba ya 9 ilitumika 6, kwa glasi zilizovunjika, safari ya pili ya gari, na barafu iliyonunuliwa kwa haraka. Vinywaji tulichukua kreti 12 za chupa 24 kwa makubaliano kwamba kreti isiyofunguliwa inarudishwa. Nne zilirudi, na sehemu 2 zikarudi nazo. Jumla ya matumizi ikawa 95. Hawakukopa.

Ninavyokisoma kisa hiki

Kwa karatasi, kuku walitosha. Vipande 280, toa 22 vya wafanyakazi vilivyokuwa vimetengwa jikoni tangu mwanzo, vinabaki 258 kwa wageni 231. Meza A ilihudumia 120 kwa vipande 120. Meza B ilihudumia 70 kwa vipande 138. Kwa maneno mengine, upande mmoja kila mtu alipata kimoja, upande wa pili karibu viwili, na tofauti kati yao ni koleo moja na mlango mmoja. Kama tungenunua kuku kumi zaidi, kama baadhi ya ndugu walivyosema baadaye, vipande 80 vingeingia kwenye mdomo uleule wa B. Upungufu wa aina hii haununuliwi dukani.

Ndiyo maana siwalaumu wahudumu kama ninavyoilaumu bajeti yenyewe, kwa jambo moja: tulipunguza wahudumu kutoka wanane hadi watano, tukahesabu wa meza za kugawia na tukasahau maji. Mhudumu wa sita angegharimu chini ya sehemu moja. Jagi la maji kwenye kila meza kabla wageni hawajaketi lisingegharimu chochote.

Kuna vyakula vinavyohesabika na vyakula vinavyochotwa. Kipande cha kuku kinahesabika, wali unachotwa. Cha kuchotwa kikipungua, upawa unapunguza ujazo na hakuna anayejua. Cha kuhesabika kikiisha, kimeisha, na kila mtu anaona sahani ya jirani. Katika harusi ya mfuko mdogo ningekuwa na kitu kimoja tu cha kuhesabika, au nisiwe nacho kabisa: kuku akatwe vipande vidogo na kuingizwa kwenye mchuzi, na upawa ufanye kazi yake. Bwana harusi alilipinga hilo mwanzoni kwa sababu vipande vikubwa vya kuku hupendeza kwenye picha. Ni hoja, sikuidharau. Ila wenye kutaka picha hiyo waajiri koleo.

Kuacha kitafunwa cha kusubiria lilikuwa kosa la wazi. Tuliokoa sehemu mbili, na njaa ya saa moja na dakika arobaini ikazila palepale mezani. Picha huchelewa, karibu sherehe zote. Ratiba ya jikoni inayodhani picha zitamalizika kwa wakati imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuhudhuria harusi, na hiyo ya kwetu niliipitisha mimi. Afadhali mpishi angeambiwa saa tisa, akakaanga kuku kwa mikupuo kuanzia saa nane na nusu, badala ya kuwamaliza wote saa sita.

Kutenga chakula cha wafanyakazi kabla ya kufungua meza kuliokoa siku. Wanamuziki walikula saa nane, wakiwa na nguvu ya kuwachangamsha watu wakati wa kusubiri. Na kama si kutenga, wao wangekuwa miongoni mwa wale 41.

Kuhusu njia ya kugawanya kazi, siisifu sana. Kwenye makadirio iliokoa sehemu 13 dhidi ya huduma kamili kwa wageni walewale 260, na kwa matumizi halisi 9, lakini bibi harusi alitumia jumamosi tano kununua mchele, mafuta na vitambaa, na usiku wa kuamkia harusi alikuwa anapokea simu ya dereva wa barafu. Kwa wanaharusi wenye ndugu mmoja mtulivu wa kubeba simu hizo, inafaa. Hawa hawakuwa naye hadi nilipoichukua simu yake mwenyewe saa nne usiku na kumwambia akalale.

Kilo 13 za mchele wa ziada ziligharimu karibu sehemu moja. Si nyingi. Hofu iliyozileta naielewa pia, kwa kuwa anayeaibika chakula kikiisha ni ndugu, mpishi anakunja sufuria zake na kwenda. Lakini wali ule haukumlisha hata mmoja wa wale 41; hakuna aliyelalamika kukosa wali.

Wiki tatu baadaye shangazi alinipigia simu. Binti wa jirani yake anaolewa, na yeye amewekwa jikoni. Aliuliza zile gramu 80 ni kabla ya kupikwa au baada.

"Kabla, shangazi. Mchele mkavu."

Akanyamaza kidogo. "Basi mimi nitaweka mia."